Mkono Chini ya Mgongo

Jumamosi jioni, mwezi wa tisa, 2016. Ukungu haujaondoka Bulembia tangu asubuhi. Nimejifunika mablanketi mawili na bado natetemeka. Naandika sasa hivi, kabla sijaanza kujiambia kwamba niliota.

Nilijiunga na klabu ya kuogelea ya watu wazima kwa sababu ya mgongo. Mimi ni fundi wa kushona, nashinda nimeinamia cherehani, na daktari alinishauri maji. Tunafundishwa kwenye bwawa la zamani la watu wa migodi, linalojazwa kwa bomba kutoka mto Nyamwamba. Mwalimu wetu ni mwanajeshi mstaafu, tunamwita Afande. Asubuhi za baridi haingii majini. Husimama ukingoni na mabuti yake, akitoa amri.

Tangu nianze sijawahi kuelea. Nikiinua miguu tu, nazama.

Leo wanafunzi tulikuja wawili peke yetu, mimi na Mama Masika, muuza vitenge wa Bwera, kule mpakani. Yeye anajua kuogelea kutuzidi sisi sote, na sikuwahi kuelewa anafuata nini kwenye klabu ya wanaojifunza. Nilichojua ni kwamba Masika, binti yake wa kwanza, alichukuliwa na mto huu mwaka ule wa mafuriko, akiwa bado mdogo. Hakuonekana tena. Mama yake bado tunamwita kwa jina hilo.

Ukungu ulikuwa mzito, hata upande wa pili wa bwawa hauonekani. Afande aliniambia nilale chali, nisipigane na maji. Nikalala. Nikaanza kuzama kama kawaida, halafu mkono ukanishika chini ya mgongo, ukaniinua.

Nilifurahi. Nikajua Afande ameamua kuingia. Nikafumba macho, nikamwomba asiniachie.

Sauti yake ikatoka mbali, ukingoni. "Wewe, unaongea na nani? Mimi iko huku."

Kiganja kilikuwa kidogo. Nilihisi kila kidole.

Sikumbuki nilivyofika kwenye ngazi. Mama Masika alikuwa amekaa juu yake, bado mkavu, hajagusa maji. Afande alisema ni misuli imenikaza, akaenda kutafuta chai. Mama Masika hakusema ni misuli. Aliniuliza taratibu kama mkono ulikuwa wa mtu mkubwa au wa mtoto.

Nikamwambia, wa mtoto.

Aliyatazama maji. Kisha akanieleza kwamba ndiyo maana anatoka Bwera kila Jumamosi. Analala juu ya maji, anangoja. Hajawahi kuguswa hata mara moja.

"Kwa nini wewe, dada?" aliniuliza. Hakuwa na hasira.

Akaniomba nimwonyeshe. Sikutaka kurudi majini, Mungu anajua, lakini uso wake ulinishinda. Tukashuka pale pasipo na kina. Akalala chali, nikamwekea kiganja juu kidogo ya kiuno, kama nilivyoshikwa mimi. Nilikaa hivyo mpaka vidole vikafa ganzi, halafu nikautoa mkono polepole, nikarudi nyuma. Anajua kuelea, nilijua hatazama.

Alikuwa amefumba macho.

"Sasa toa mukono yako," akasema. "Niache peke yangu kidogo."

Nilikuwa nimesimama mbali naye, mikono yote miwili nimeikunja kifuani.

Nikazidi kurudi nyuma kuelekea ngazi. Baada ya muda uso wake ukabadilika, nikaona ameelewa. Akaanza kuzungumza Lhukonzo, lugha ya kwao, kwa sauti ya chini, bila haraka, kama mtu anayempa mtoto habari za nyumbani. Nikapanda ngazi, nikakaa karibu na Afande aliyekuwa amerudi na chai. Akanimiminia kikombe. Hakumwita Mama Masika atoke.

Sijui kama nitaweza kurudi Jumamosi. Nikirudi, nitamwacha yeye atangulie kuingia.