Pembe Isiyoshonwa

Mjukuu wangu Neema,

Huku Doha tu wazima. Nyanyako ananicheka, ati tumbo langu limezeeka kabla yangu. Unauliza kama ukija huku utapotelea mbali na ukoo.

Nilipokuwa dereva kijana Abu Hamour, mtaa wa hapa Doha, bibi mmoja mzee, mwenyeji, alinikaribisha mkekani. Pembe moja ya mkeka haikushonwa. Nikajitia ufundi, kwa Kiarabu changu kibovu:

“Mama, umesahau pembe.”

“Sikusahau. Wazee wetu walitembezwa hadi pwani, wakavushwa bahari. Pembe hiyo ni ya ndugu waliobaki.”

Kwetu Kilifi tunaiacha wazi vilevile, kwa ajili ya ndugu waliochukuliwa.

Nilipomwambia, hakushtuka. Alisogea kunipisha kwenye pembe ile, akauliza taratibu:

“Mbona mmechelewa?”

Njoo, mjukuu wangu.

Babu yako