Mkono wa Mama Pacha na Neno "Fokasi": Kumbukumbu za Kikao cha Dharura

KAMATI YA USALAMA KAZINI, IDARA YA KUFULIA NGUO ZA HOSPITALI

Tarehe: Jumatano, tarehe 14
Mahali: Chumba cha kukunjia mashuka, nyuma ya mashine za kukaushia
Muda: Saa nane na nusu mchana

WALIOHUDHURIA
1. Msimamizi wa idara, Mwenyekiti
2. Mtunza stoo, Katibu
3. Fundi mitambo (alifika saa nane na dakika hamsini, akaomba isiandikwe)
4. Mama Shuka, mjumbe, mkongwe kuliko wote katika idara
5. Mama Pacha, mpiga pasi aliyeumia, mwalikwa
6. Wifi yake Mama Pacha, mpiga pasi mwenzake kwenye rola, mwalikwa
7. Afisa utumishi, mwalikwa

WASIOHUDHURIA
1. Dereva wa gari la nguo, kwa udhuru
2. Muuguzi mkuu, bila taarifa, kwa mara ya tatu mfululizo

KUMB. NA. 1/DH: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti aliwashukuru wajumbe kwa kufika na kuagiza mashine zote zizimwe. Tangu Katibu aajiriwe hajawahi kukisikia chumba hicho kikiwa kimya kiasi hicho saa za kazi. Afisa utumishi aliomba kikao kiwe kifupi kwa kuwa yeye alihitaji sahihi moja tu. Mama Shuka alimwambia, "Keti kwanza, mwanangu. Sahihi haikimbii." Afisa aliketi.

KUMB. NA. 2/DH: TAARIFA YA AJALI NA FOMU

Mwenyekiti alieleza kwamba Alhamisi iliyopita, saa nne asubuhi, mkono wa kulia wa Mama Pacha ulivutwa na shuka hadi kwenye rola ya moto, ile silinda ya kunyooshea mashuka. Vidole vitatu na kiganja viliungua kabla fundi hajafikia kitufe cha kuzimia. Daktari amesema vidole viwili vitapona. Cha tatu hakusema.

Afisa utumishi alisoma fomu ya ajali aliyokuja nayo ikiwa imeshajazwa. Katika nafasi ya "Chanzo" paliandikwa: "Mfanyakazi alikosa fokasi." Aliulizwa na Mama Shuka maneno hayo yana maana gani kwa Mama Pacha. Alijibu kwamba chanzo cha namna hiyo huhesabiwa kuwa uzembe wa mhusika, na kwa kuwa Mama Pacha ni wa mkataba, mkataba wake hautaendelea baada ya mwisho wa mwezi.

Mama Pacha alikuwepo na alisikia yote. Mkono wake uliofungwa bandeji ulikuwa mapajani.

KUMB. NA. 3/DH: MAANA YA NENO "FOKASI"

Mama Shuka aliomba kikao kielezwe hilo neno maana yake nini, kwa sababu mtu hawezi kufukuzwa kazi na neno ambalo hakuna anayelijua vizuri. Mwenyekiti alieleza kwamba alilipata kwenye semina ya viongozi, na kwamba fokasi ni mtu kuweka akili yake yote kwenye jambo moja, macho mbele, mdomo umefungwa, bila kuruhusu kitu kingine kumvuta.

Fundi mitambo alisema neno hilo analisikia kila siku mtaani na bado halielewi. Kocha wa timu ya kijana wake hupiga kelele "Fokasi!" kila mara wanapofungwa bao, kamwe si kabla. Mwenye nyumba wake husema vijana wa siku hizi hawana fokasi, naye ndiye aliyesahau kufunga bomba, maji yakamwagika mpaka barabarani. Mwenyekiti alimtaka Fundi ajikite kwenye ajenda. Fundi alisema ndicho anachofanya.

Mama Shuka alisema: "Mimi nimelipeleleza hili neno. Mtoto akifeli, hakuwa na fokasi. Biashara ikifa, mwenyewe alipoteza fokasi. Mume akihama nyumba, mke ndiye hakuwa na fokasi na ndoa. Sijamsikia mtu akiambiwa ana fokasi siku ambayo mambo yake yako sawa. Ni neno la kumtupia mtu akishaanguka. Sisi tulipokuwa tunafundishwa kazi tuliambiwa 'tuliza akili, angalia mkono wa mwenzako.' Na tuliambiwa kabla."

Afisa utumishi alisema fomu haihitaji maana ya neno. Hakuna aliyemuunga mkono.

KUMB. NA. 4/DH: AGIZO LA KUNYAMAZA

Fundi mitambo aliomba kueleza jinsi rola inavyolishwa, kwa faida ya Afisa ambaye hajawahi kuiona ikizunguka. Shuka hushikwa na watu wawili, kila mmoja pembe yake. Likishashikwa na rola wote huachia kwa pamoja. Mmoja akitangulia kuachia, shuka huenda upande na kuvuta mkono wa yule aliyebaki. Kwa sababu hiyo, miaka yote ya idara hii, wa kushoto huuliza, "Limeshika?" na wa kulia hujibu, "Achia!" Bila kusikia neno hilo hakuna anayeachia.

Mama Shuka alikumbusha kwamba wiki kumi na moja zilizopita Kamati hii ilipiga marufuku kuzungumza kwenye rola ili wafanyakazi wawe na fokasi. Mwenyekiti alisema nia ilikuwa kuondoa umbea na vicheko. Mama Shuka alisema umbea uliondoka, na "Limeshika?" ikaondoka nao, maana katazo halikuchagua.

Mwenyekiti aliuliza kwa nini hakuna aliyelisema hilo siku ile. Katibu alisoma kumbukumbu za kikao kile. Zinaonyesha wajumbe wote waliafiki, Mama Shuka akiwemo, na Katibu ndiye aliyeandika katazo hilo kwenye kibao cha ukutani kwa rangi nyekundu na kusifiwa kwa mwandiko. Katibu alisikia aibu na anaomba hilo nalo lisomeke hapa.

Mama Shuka alisema, "Niliafiki kwa sababu nilikuwa nimechoka na nilitaka kwenda nyumbani." Mwenyekiti alisema kwamba wazo la kunyamaza alilitoa kwenye ile semina, na katika ukumbi wa semina hapakuwa na mashine hata moja.

KUMB. NA. 5/DH: MAELEZO YA WIFI YAKE MAMA PACHA

Mwenyekiti alimtaka wifi yake Mama Pacha, ambaye siku ya ajali alikuwa upande wa kulia wa rola, Mama Pacha akiwa kushoto, aeleze alichokiona. Wifi alisema alishaeleza kwa Afisa: waliachia kwa kutazamana kama walivyozoea tangu agizo lilipotoka, na mwenzake alichelewa. Afisa alithibitisha kwamba maneno ya fomu yalitokana na maelezo hayo.

Mama Shuka alimuuliza, "Shuka lilikuwa lipi?" Wifi alijibu kwamba lilikuwa lile pana la chumba cha upasuaji, likiwa bado na maji. Mama Shuka aliuliza kama kwa shuka pana kiasi hicho, lenye mvuke, wa kushoto anaweza kuuona mkono wa mwenzake wa kulia. Wifi alisema hawezi. Aliulizwa basi walitazamana vipi.

Wifi alianza kulia. Mwenyekiti alitaka kuahirisha kikao kwa dakika tano. Wifi alikataa, akasema Katibu aandike kama atakavyosema. Yameandikwa hivi:

"Aliniuliza. Alivunja sheria yenu akaniuliza kwa sauti ya chini, 'Limeshika?' Nilimsikia vizuri. Mimi na yeye tuna mwezi wa tatu hatusemezani, mambo ya kwetu nyumbani. Agizo la kunyamaza lilipotoka nilishukuru, nikajua sasa nitafanya naye kazi bila kumpa neno langu. Basi aliponiuliza nikasema moyoni, hapa watu wananyamaza. Nikaachia, sikumjibu."

Afisa utumishi aliuliza kama maelezo hayo yanabadilisha yale ya awali. Fundi mitambo alimjibu kwa maneno ambayo Mwenyekiti ameagiza yasiandikwe.

KUMB. NA. 6/DH: MAAMUZI

Kikao kiliamua yafuatayo kwa kauli moja. Fomu iliyojazwa ifutwe. Katika fomu mpya, chanzo kisomeke: "Kamati ilikataza wafanyakazi kuambiana, mfanyakazi aliuliza, hakujibiwa." Afisa utumishi alisema nafasi hiyo ni ya maneno matatu au manne. Mwenyekiti alisema atabandika karatasi ya ziada kwenye fomu, na kwamba ataipeleka yeye mwenyewe kwa mganga mkuu kesho asubuhi na kutaja kuwa agizo lilikuwa lake. Alisema pia hajui kama itasaidia. Agizo la kunyamaza lilifutwa kuanzia saa hiyo.

Suala la wifi halikuamuliwa. Mwenyekiti alisema hajui aanzie wapi.

KUMB. NA. 7/DH: MENGINEYO

Mwenyekiti aliuliza kama kuna mwenye la ziada. Mama Pacha, ambaye hakuwa amesema neno tangu kikao kifunguliwe, alinyanyua mkono wa kushoto. Alipewa nafasi. Hakuzungumza na kikao, aligeuka upande wa wifi yake, akasema:

"Wifi, nilihisi limeshika upande wangu. Ningeweza kuachia. Lakini hukuwa umeniambia, na mvuke ulikuwa mwingi, nikajua nikiachia na wewe bado umeshika, mkono utakaokwenda ni wako. Ndiyo maana nilishikilia."

Kikao kilifungwa saa kumi kasoro robo. Mashine hazikuwashwa tena siku hiyo.

Imesomwa na kukubaliwa kuwa ndivyo ilivyokuwa:

........................................
Mwenyekiti

........................................
Katibu