Bosi Lyle kamuuza Anselmo kwa Anselmo mwenyewe

Darlene, acha unachofanya usome hapa. Bosi wetu Lyle leo kajiaibisha mpaka namwonea huruma 😂

Dirisha la kubadilishana wachezaji lilikuwa linafungwa saa kumi na mbili jioni. Saa kumi na moja akataka kumpigia bosi wa klabu ya Seattle amuuzie Anselmo, mdakaji wetu mkongwe wa besiboli.

Akampigia Anselmo!!

Na hakungoja hata salamu. "Mchukueni huyu mzee, magoti bado yanasukuma. Nipeni warushaji wawili vijana."

Sauti ya Anselmo ikatoka kwenye spika: "Lyle, magoti yangu yanakusikia."

YANAKUSIKIA, Darlene! Ofisi nzima tukajifanya tunasoma karatasi.

Lyle akashuka mbio chumba cha wachezaji kuomba radhi, jasho linamtiririka. Miaka kumi na moja Anselmo kaichezea klabu hii, sote tukijua atastaafia hapa. Anselmo akamwambia, "Nina miaka thelathini na minane, fainali naziona kwenye televisheni tu. Seattle watafika. Niuze, ila wawili ni wachache. Omba watatu."

Lyle akaomba watatu. Wakakubali!

Sasa hivi kajifungia ofisini analia, na anayembembeleza ni Anselmo.