Maji ya Kumwosha Mama

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Kampala. Jumatatu, 22 Aprili 2024.
Jina: Nuriat Sebit. Umri: miaka 44. Kazi: mshonaji. Makazi: Kisugu, Makindye.

Nasema haya nikiwa na akili timamu, na hasira pia ninayo.

Mnamo tarehe 19 Aprili 2024, Ijumaa, mama yangu Maimunah alifariki alfajiri nyumbani. Tulipanga azikwe baada ya sala ya Ijumaa. Aliusia aoshwe kwa maji ya chemchemi iliyo chini ya nyumba yetu, kwa sababu ndiye aliyeizibua kila ilipoziba, tangu mimi sijaolewa.

Juu ya chemchemi anakaa Bwana Okwera, sajini mstaafu, mwenye ng'ombe wanne wa maziwa wanaolishwa zizini. Kinyesi na mkojo wao huingia shimoni, na shimo lilijaa zamani. Badala ya kuchimba jingine, yeye husubiri wingu. Mvua ikianza anabomoa ukingo kwa jembe, tope linateremka hadi chemchemini, kesho anasingizia mvua. Mtaa mzima unajua. Ramadhani nilimlalamikia, akajibu, "Nyabo, hiyo ni mbolea tu. Mvua itaosha."

Siku hiyo mvua ilianza saa nne asubuhi. Nilimwona kwa macho yangu, jembe mkononi. Nilipiga kelele, "Mzee, ngoja! Tuna maiti!" Alinitazama, akaendelea kubomoa ukingo.

Maji tuliyoteka yalikuwa ya kijani na yananuka. Waoshaji waliyamwaga. Bomba lilikuwa kavu, ikabidi watu wapande hadi Nsambya kutafuta maji safi. Waliporudi, sala ilikuwa imekwisha na watu wametawanyika. Mama yangu, aliyewatunzia maji mtaa mzima, alizikwa jioni na watu wachache, na wosia wake haukutimia.

Jioni hiyohiyo Bwana Okwera alileta pole na jagi la maziwa. Akasema, "Pole sana, nyabo. Mimi nilifikiri munamaliza kuosha kitambo." Basi alijua! Nikamwambia aondoke na jagi lake.

Hapa kituoni nimeshauriwa tuelewane kwa kuwa ni majirani. Sitaki. Nataka shimo lile lifukiwe na achimbe mbali na maji. Mama hataoshwa mara ya pili.

Hayo ndiyo niliyoyaona, na mahakamani nitayarudia yaleyale.

Sahihi: N. Sebit

Maelezo ya afisa: Nimemsomea shahidi, amekubali ni sahihi. Alikaribishwa chai ya maziwa, akauliza maziwa yanatoka kwa nani. Nilipomjibu kuwa ni kwa Bwana Okwera, hakuigusa. Nami yangu nimeiacha mezani.
Koplo Oola