Kamba Haifanyi Kazi

Ambakisye, mwalimu mwenzangu na kaka yangu,

Nimekukasirikia. Nilitaka nianze kwa salamu, ila hasira imetangulia.

Tuliporudi kutoka kukuzika kwenu Ilomba, Mbeya, mkuu wa shule aliniita. "Mwalimu Upendo, fizikia ya kidato cha tano utaishika wewe kwa muda." Kwa muda! Mvua zimekuja zimeisha, mwalimu mpya hajaletwa. Mimi mtu wa kemia! Hapa Kihesa wanafunzi wako wananitazama kama mgeni aliyekalia kiti cha baba yao.

Wiki hii nimefika kwenye mwendo wa mduara. Nikaandika ubaoni kwamba kani inayokivuta kitu kuelekea katikati haifanyi kazi yoyote. Sifuri. Tumaini, yule binti mbishi wa Usangu, akasimama.

"Mwalimu, nikizungusha jiwe kwa kamba mkono unauma. Unaumaje kama hakuna kazi?"

Darasa likacheka. Wewe swali hilo ungelifurahia mpaka ukae juu ya meza. Mimi nilitaka kulia.

Kesho yake nikawatoa uwanjani. Nikafunga kizibo cha mpira kwenye kamba, Tumaini akakizungusha juu ya kichwa, nikamwambia aachie. Wengi walidhani kitaruka kumkimbia. Hapana, kikachomoka ubavuni, kikifuata uelekeo uleule kiliokuwa nao kamba ilipoachiwa.

"Mmeona? Kamba inavuta kuja mkononi, lakini kizibo kinakwenda ubavuni. Hakisogei inakovuta kamba. Inakigeuza tu, haikiongezei mwendo."

Wakaelewa, isipokuwa Tumaini. Nikamwambia asukume ukuta wa darasa. Akasukuma mpaka jasho likamtoka. Nikamweleza kuwa nguvu zake zimeishia ndani ya misuli. Ukuta haujasogea, kwa hiyo haujafanyiwa kazi.

Akajifuta uso. "Basi mwalimu, fizikia haina shukrani."

Nikacheka, Ambakisye. Mara ya kwanza tangu msiba. Nikaenda mbio kukusimulia. Nilifika mpaka mlangoni mwa ofisi ya walimu ndipo nikakumbuka. Kwenye meza yako wameweka mashine ya fotokopi.

Kwa nini uliacha vidonge vya presha? Nilikusihi. Nilikusihi mbele ya wenzetu wote, ukaniambia, "Ninyi Wahehe mna haraka ya kuogopa." Wakacheka. Na mimi nikacheka, maana utani wako ulikuwa hauna dawa. Sasa nani anacheka?

Haya. Nimesema.

Likizo nitakwenda Mbeya. Nitafagia kaburi lako, nitakaa jikoni na mama yako, na akitaka kulia tutalia wote. Nakuahidi jambo moja: mpaka aje mwalimu wa kweli, hakuna mtoto wako atakayekalishwa chini kwa sababu ameuliza swali lililonishinda. Nitalibeba nyumbani, nitalisoma, nitarudi nalo.

Kwaheri, kaka. Pumzika, huko hakuna kengele ya kipindi.

Upendo