Maneno Matatu ya Baba

Ikungi, 3 Machi 2024

Mdogo wangu Alute,

Salamu nyingi. U hali gani huko Ujerumani, na baridi? Sisi wazima, ila baba. Nakuandikia kwenye simu maana nikiongea nitalia.

Mwezi wa kwanza alianguka shambani akipalilia alizeti. Kiharusi. Mkono wa kulia umekufa, na mdomoni yamebaki maneno matatu: basi, mbona, kumbe. Hata jina langu halimtoki, si kwa Kiswahili si kwa Kinyaturu. Akili anayo yote. Uji ukichelewa, "Mbona?" Akishiba, "Basi." Juzi padri alikuja kumpaka mafuta ya wagonjwa. Baba akamtazama, akanigeukia mimi, "Kumbe!" Tulicheka mpaka padri naye akacheka.

Nilikuficha kwa kuwa wewe na baba hamzungumzi. Lakini wewe huko chuoni unasomea maneno madogo ya namna hiyohiyo. Niambie nifanyeje.

Dada yako,
Luciana

Leipzig, 19 Machi 2024

Dada Luciana,

Shikamoo. Pole sana kwa kuuguza.

Maneno kama hayo mara nyingi husalia mengine yakipotea. Hayataji kitu chochote. Yanaonyesha msemaji amelipokeaje jambo. Kila lugha ina yake. Wajerumani wana "doch". Mwambie mtoto wa hapa, "Hujanawa," atakujibu "Doch!", yaani unakosea, nimenawa. Kwetu hatuna neno moja la kuibeba kazi hiyo.

Naomba umrekodi. Kwa kila neno, andika nani alikuwepo na nini kilitangulia. Itanisaidia sana kwenye utafiti.

Mdogo wako,
Alute

Ikungi, 7 Aprili 2024

Alute,

Marahaba. Sisi tupo.

Sitamrekodi. Umeuliza nani alikuwepo. Hukuuliza kama anakula, kama analala.

Kumbuka sherehe yako ya kuhitimu. Baba alisimama mbele ya wageni na Kiswahili chake cha kuchanganya na Kinyaturu: "Basi, ndugu zangu, basi, kumbe huyu mwanangu…" Ukamkatiza, "Baba, fupisha, hayo maneno hayana kazi." Watu wakacheka. Akakaa. Alichotaka kusema hakukisema tena.

Sasa kila asubuhi anaikazia macho picha yako ukutani: "Mbona?" Mpigie. Kusikia anasikia.

Dada yako,
Luciana

Leipzig, 1 Julai 2024

Dada,

Shikamoo. Baba anakula? Analala? Nilipaswa kuanza na hayo.

Siku ile walimu wangu walikuwepo, nikaona aibu. Nilimwonea aibu baba yangu mzazi. Miezi hii yote nimekuwa nikiandika na kufuta.

Nitapiga Jumapili hii, saa kumi jioni ya huko. Mwambie.

Mdogo wako,
Alute

Ikungi, 13 Julai 2024

Alute,

Jumapili nilimwogesha baba, nikamvisha shati la Pasaka, nikamkalisha uani na simu mapajani. Saa kumi ikapita. Majirani waliokuja kukusikia wakaaga mmoja mmoja. Saa kumi na mbili akaisukuma simu kwa mkono wa kushoto, akasema, "Basi."

Alhamisi hakuamka. Nilikupigia mara tisa, hukupokea. Tumemzika jana.

Luciana

Leipzig, 14 Julai 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Simu nilikuwa nayo mkononi tangu saa tisa yenu. Nilibonyeza namba, nikakata kabla haijaita. Niliogopa kumsikia akisema mbona, na Alhamisi nikaogopa wewe utaniuliza lilelile.

Nakuomba jambo moja tu. Ile "basi" aliisemaje? Sauti ilishuka, kama mtu aliyechoka nami? Au ilikuwa basi ya yaishe, mwanangu? Maandishi hayaonyeshi.

Mdogo wako,
Alute

Ikungi, 20 Julai 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Pole, na wewe umefiwa, sikukupa pole.

Nimejaribu kukumbuka. Nilikuwa naanua nguo, nimempa mgongo. Nikisema sauti ilishuka, nitakuwa nimekuhukumu. Nikisema alikusamehe, nitakuwa nimekudanganya. Sijui, Alute. Usiniulize tena.

Arobaini ni tarehe ishirini Agosti. Kaburi bado ni udongo mtupu, msalaba hatujauweka. Wajomba wanataka kuuweka wenyewe. Nimewaambia wakusubiri.

Dada yako,
Luciana