Mjane na Mwiko

Jumapili, Pasiansi

Na makofi wakapiga! Kanisa zima, na vigelegele juu, kwa sababu mimi na Mama Koku tumekumbatiana mbele ya madhabahu.

Mchungaji ndiye aliyetuita. Alihubiri umoja, kwamba sisi ni mwili mmoja wenye viungo vingi, kisha akataka jumuiya yetu ya kusali majumbani, iliyogawanyika, ipatane leo hii. "Yaliyopita yamepita," akasema. Hakuuliza ni yapi.

Nje Mama Koku akanishika bega. "Mama Neema, yale yalikuwa mambo madogo tu. Shetani alitupitia."

Madogo! Kugombania kama tusali kwenye nyumba za mlimani au za kule ziwani, sawa, hilo ni dogo. Karibu wote walimfuata yeye ziwani, nikabaki na bibi wachache wasioweza hata kuinua sufuria. Lakini mume wangu alipofariki, ni yeye aliyewakataza wanawake wasije kupika. Eti mimi si wa jumuiya yao tena.

Ndugu walikuwa bado njiani kutoka Bukoba. Waombolezaji wamejaa uani, hawajala. Nikajifunga khanga, nikasonga ugali wa msiba wa mume wangu mwenyewe. Watu walikula wakiangalia chini.

Nimemsamehe? Sijui. Naogopa Mungu aliona jinsi nilivyomkumbatia, mkavu kama kuni.

Mwili mmoja, viungo vingi. Siku ile mwili huo ulikuwa na mikono miwili tu, na yote ilikuwa yangu.